Mashine inayojua kunyamaza

Ndugu wasikilizaji wa Butembo, Beni, Oicha na Lubero, nanyi jamaa mliohama vijiji vyenu kwa ajili ya vita na mnaotusoma kwenye telefone: juma hili sileti habari ya barabara wala ya bei ya mafuta. Nataka tuongee juu ya ordinatere, hizi tunazoziita mashine tu, na zaidi juu ya vile vikaratasi vinavyoruka pembeni ya kioo kila mara ujumbe unapoingia. Vijana wanaviita notifikasyo. Kiswahili cha vitabu kinasema arifa. Linaonekana jambo dogo la mafundi. Lakini kwa mtu anayeandika kutwa majina ya watu waliopotea, si dogo hata kidogo.

Kwanza mashine zenyewe. Nyingi tunazotumia huku ni za mkono wa pili. Zinaingia na mizigo mingine kupitia Kasindi, zimekwisha fanya kazi miaka katika ofisi za watu wengine, kibodi imefutika herufi, betri inashika saa moja ukiwa na bahati. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipa Windows 10 matengenezo yake ya kawaida, na nyingi ya mashine hizi haziwezi kupokea Windows 11, kwa kuwa ile inadai kumbukumbu ya giga 4, chipu fulani ya usalama na prosesa ya miaka ya karibuni. Mtu aliyenunua mashine kwa jasho hawezi kuitupa kwa sababu hiyo. Ndiyo maana katika atelye ndogo za mjini unaona vijana wakiweka Linux ndani ya mashine ambazo wengine walikwisha sema zimekufa.

Yangu ina kumbukumbu ya giga 2. Niliwekewa Debian, na juu yake meza inayoitwa Xfce. Nasema meza, maana ndivyo ilivyo: Linux ni nyumba, na unachagua mwenyewe ni meza gani utaweka ndani, nzito yenye mapambo au nyepesi. Xfce ni katika zile nyepesi. Ilianzishwa mwaka wa 1996 na Olivier Fourdan, na alama yake ni panya mdogo. Hapa mtaani panya si mnyama wa kupendwa, lakini huyu namvumilia.

Kwa nini nyepesi? Waulizeni wanaoishi kwa plake. Butembo iko juu, asubuhi ni ukungu, na siku nyingine plake hazianzi kushika jua sawasawa mpaka saa nne. Beni ina joto na jua zaidi, lakini hata kule umeme una siku zake. Habari ya asubuhi haingoji jua. Kwa hiyo kila kitu ambacho mashine inafanya bila mimi kuiomba, ninakiangalia kwa jicho kali.

Kitu cha kwanza nilichoangalia ni mapambo. Madirisha ya mashine yana vivuli chini yake, yanaweza kuwa kama kioo cha kupitisha nuru, vikaratasi vinafifia polepole kama moshi kabla ya kupotea. Kazi hiyo inafanywa na sehemu moja inayoitwa kompozita. Kwenye Xfce iliyowekwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi kwetu, unaingia katika Paramètres, kisha Peaufinage des fenêtres, mstari wa mwisho Compositeur. Ondoa alama, vivuli vinapotea mara moja. Kwenye sehemu ya kawaida ya kupanga madirisha kuna pia chaguo la kuficha yaliyomo ndani ya dirisha wakati unalivuta, kusudi mashine ivute fremu tupu badala ya kuchora ukurasa mzima upya kila hatua. Kwenye mashine ya zamani tofauti inaonekana kwa macho.

Lakini tusidanganyane. Nimesikia vijana wakisema kuondoa vivuli kunaongeza masaa ya betri. Kwangu haikuongeza kitu cha maana. Ukitaka betri ikae, punguza nuru ya kioo, funga Firefox yenye kurasa kumi na mbili, zima Wi-Fi isiyokuwa na mega. Kuzima kompozita kunasaidia kadi ya picha iliyochoka, dirisha linafunguka bila kusitasita, na unapokata sauti ya mtu aliyehojiwa mashine haigandi katikati ya neno. Na kuna bei yake: video zinaweza kuonekana kama zimepasuliwa katikati, na vikaratasi vinakuwa vigumu, havififii tena. Hilo la mwisho mimi nalipenda. Kikaratasi cha kupitisha nuru, chenye maandishi juu ya maandishi mengine, kinawatesa wazee wetu wa redio ambao macho yamechoka. Hata ukiacha kompozita iwake, katika Paramètres, Notifications, kuna pahali pa kupima ugumu wake. Peleka mpaka mwisho.

Sasa nifike kwenye vikaratasi vyenyewe.

Katika Xfce kinatokea pembe ya juu, mkono wa kuume, na usipobadilisha kitu kinakaa sekunde 10. Kinaonyesha jina la aliyeandika na mwanzo wa ujumbe. Hakiulizi ni nani ameketi karibu nawe. Tena, na hili wengi hawalijui, hakijali uko katika nafasi gani ya kazi.

Nieleze hizo nafasi. Xfce inakupa meza zaidi ya moja ndani ya kioo kimoja. Unahama kutoka moja hadi nyingine kwa kushika Ctrl na Alt pamoja na mshale. Yangu ni nne, na nimezipa majina ya Kiswahili: Habari, Sauti, Watu, Matangazo. Katika Habari ninaandika. Katika Sauti kuna Audacity, pale nakata mahojiano. Katika Watu ndimo ninapoongea na wale wanaonipa habari. Matangazo ni orodha za wanaotafutwa. (Menyu zote zimebaki Kifaransa. Inanikumbusha kwamba tayari mwaka wa 2004, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu walikaa wakageuza OpenOffice nzima kuwa Kiswahili na kuiita Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi ya sifa, na sielewi kwa nini miaka zaidi ya ishirini baadaye bado tunamwambia mama wa Kitatumba abonyeze Peaufinage.)

Mtu anapanga nafasi hizo nne akidhani amejenga kuta. Kwa madirisha, ndiyo, ni kuta. Kwa vikaratasi hakuna ukuta. Umekaa katika Matangazo na familia iliyokuja kutafuta mtoto, kioo kiko wazi kwao kusudi wasahihishe majina, na ujumbe ulioingia kule kwenye Watu unaruka hapahapa mbele yao.

Niwaambie nilichoona. Nilikuwa katika sekreteria moja ya Butembo, vile vibanda wanavyoandika barua na kupiga fotokopi. Nilikwenda kutoa kurasa mbili kwa emprimante. Mbele yangu alikuwepo mama aliyehama kutoka upande wa Bapere, teritware ya Lubero, kule ambako watu wengi wamekimbia mashambulizi ya ADF. Alikuwa anaandikisha barua kwa mkuu wa shule, kuomba mtoto wake apokelewe katikati ya mwaka bila karatasi za shule ya zamani, kwa sababu karatasi zilibaki kule. Kijana wa mashine alikuwa amemgeuzia kioo kidogo. WhatsApp yake ilikuwa wazi nyuma ya barua. Kikaratasi kikaruka: jina la kundi, kisha mstari mmoja na nusu, na ndani ya mstari huo jina la kijiji cha yule mama.

Mama anajua kusoma. Akasema, “Mwanangu, pale wameandika nini? Nimeona jina la kwetu.”

Kijana akakimbiza panya kwenda kushika kikaratasi, lakini sekunde zilikuwa zimekwisha. Akafungua kundi. Rezo ilikuwa mbaya, jumbe zilikuwa nyingi, picha zinazunguka bila kufunguka. Mama amesimama. Baada ya dakika tano hivi hakungoja tena, alitoka kutafuta inite ampigie ndugu yake. Barua ilibaki kwenye kioo ikiwa na “Bwana Mkuu wa Shule” na mistari minne chini yake.

Ujumbe ulipopatikana niliusoma mimi pia. Ilikuwa habari ya zamani ambayo mtu aliitupa tena kundini bila tarehe. Sisi redioni tulikwisha isoma majuma mengi nyuma. Hakuna kipya kilichotokea siku ile. Kijana aliniambia baadaye kwamba mama alirudi kesho yake, akamaliza barua, akalipa, hakusema neno.

Simlaumu sana yule kijana. Hakuna aliyemfundisha kwamba kioo kilichogeuzwa kuelekea mteja ni sawa na redio iliyofunguliwa. Sisi wa habari tuna desturi: jina la kijiji haliendi hewani kabla ya kuuliza watu wawili au watatu waliopo, na jina la marehemu halisomwi kabla ya familia kujua. Kikaratasi hakina desturi hiyo. Kinatangaza kwanza.

Na kuna upande wa pili, wa wale wanaotupa habari. Kivu Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi wa dharura tangu tarehe 6 Mei 2021. Ofisini kwetu wanaingia watu wa kila namna: viongozi, wanajeshi, wafanya biashara, vijana wa shirika la raia, wakulima. Wote tunawakaribisha. Lakini si kila mgeni anayeketi mbele ya meza yangu anapaswa kujua ni nani amenitumia ujumbe saa ile kutoka Mbau au Eringeti. Mtu aliyenipigia usiku akaniambia alichoona njiani amenikabidhi maisha yake, na jina lake kuandikwa kwa herufi nyeupe pembeni ya kioo changu, sekunde 10 nzima, ni kumtoa barabarani mchana.

Basi nimefanya hivi. Juu, kwenye ubao wa Xfce, nimeweka kengele ndogo ya arifa. Nikiibonyeza napata Ne pas déranger, yaani usinisumbue. Ikiwa imewashwa vikaratasi haviruki tena. Vile ambavyo programu imeviwekea alama ya hatari, kama onyo la betri inayokufa, bado vinaweza kupita, na hilo ni jema, kwa sababu onyo la betri halina siri ya mtu. Mgeni yeyote akiketi, kengele inazimwa. Imekuwa kama kuvua kofia.

Kisha kuna mstari wa Applications katika Notifications, pale unaweza kunyamazisha programu moja na kuacha nyingine. Programu haionekani kwenye orodha mpaka iwe imekwisha tuma arifa angalau mara moja, kwa hiyo usishangae kuikosa siku ya kwanza. Tena kwa Xfce, kila kitu kinachotoka ndani ya brauza kinaitwa Firefox tu: WhatsApp, barua pepe, tovuti za habari, wote wanavaa shati moja. Huwezi kuwatenganisha pale. Ni lazima uingie ndani ya WhatsApp yenyewe, kwenye mipangilio yake ya arifa, na kuondoa ile ruhusa ya kuonyesha mwanzo wa ujumbe. Fanya vilevile kwenye telefone, kwa sababu telefone iliyolala mezani kioo juu inafanya dhambi ileile.

Sauti ni shauri lingine. Ne pas déranger inaficha kikaratasi, lakini ule mlio ambao brauza inautoa yenyewe unaweza kuendelea. Katika redio hilo ni baya kuliko kikaratasi, maana mashine imeunganishwa na meza ya sauti, na kila kinacholia ndani yake kinakwenda hewani. Wapo mnaosikiliza matangazo ya vifo saa kumi na mbili na nusu ambao mmewahi kusikia kale ka-ding katikati ya majina, kwenye redio hii au ile. Dawa yake ni kufunga brauza kabisa kabla ya kwenda hewani. Ikishindikana, fungua dirisha la Contrôle du volume, ambalo linaonyesha kila programu na sauti yake, na kumnyamazisha Firefox peke yake huku kichezeshi cha matangazo kinaendelea.

Kuna pia dirisha lenye kiherehere, linalojiinua lenyewe. Upo katika nafasi ya Matangazo, programu fulani katika nafasi ya Watu inataka kuonekana, na ghafla mashine inakubeba kwenda kule, mbele ya wageni. Katika Peaufinage des fenêtres, kwenye mstari wa fokasi, unachagua la kufanya dirisha likijiinua: liletwe ulipo, upelekwe lilipo, au lisifanye kitu. Nimechagua lisifanye kitu. Katika Peaufinage hiyohiyo unaweza kuliacha lipepese ukingo wake tu likiwa na jambo la haraka, nami nitaliona nitakapokwenda kule kwa wakati wangu.

Jambo ambalo waandishi wenzangu wananiuliza kidogo sana ni daftari la arifa. Xfce inaweza kuweka kumbukumbu ya vikaratasi vyote vilivyopita, pamoja na maneno yake. Ni kitu cha msaada: unazima kengele wakati wa mahojiano, ukimaliza unafungua daftari na kusoma yaliyoingia. Lakini daftari hilo linaandikwa ndani ya diski. Ukifuta mazungumzo katika WhatsApp, mistari iliyonakiliwa kule inabaki. Mashine ikiibwa njiani kati ya Butembo na Beni, hizo kilomita 54 tunazozijua, au ikichukuliwa na mtu yeyote kwa sababu yoyote, majina yamo. Mimi nimelizima. Anayelihitaji alifute kila jioni, na zaidi ya yote afunge diski nzima kwa neno la siri wakati wa kuweka Debian, maana kuifunga baadaye ni kazi ya kuanza upya.

Kwenye ukumbi wa mkutano ni vilevile. Mashine ikiunganishwa na projekta, Xfce isipoelekezwa inaonyesha kikaratasi pale panya alipo. Panya akiwa ukutani, mbele ya watu mia mbili, na kikaratasi kinakwenda ukutani. Kuna chaguo la kukiambia kibaki kwenye kioo kikuu. Hata hivyo kwa mkutano mimi nazima kengele na kukata rezo, sitaki kubahatisha.

Nanyi jamaa mliohama, kwa ninyi nina neno la pekee, kwa sababu ndinyi mnaoandikwa kuliko sisi wote. Wanawaandika kwenye orodha za msaada, kwenye shule, kwenye kituo cha afya, kwenye sekreteria, kwetu redioni. Kila mara mnaketi mbele ya mashine ya mtu. Mama, papa, mna haki ya kumwambia anayeandika: “Mwanangu, funga WhatsApp kwanza.” Si ukosefu wa adabu. Mna haki ya kuuliza jina lenu linabaki wapi karatasi ikiisha kutoka, na kama faili itafutwa. Kijana mwema atafanya bila kununa. Na mkiona jina la kwenu likiruka kwenye kioo cha mtu, ombeni tarehe ya ujumbe kabla ya kununua inite. Kama hakuna tarehe, pigeni kwetu au mfike, tutawaambia tunachokijua na tusichokijua bado.

Mwenye sekreteria, nawe usichukie. Mbinu hizi zote hazikugharimu hata franka moja. Xfce ni ya bure na dakika kumi zinatosha. Geuza kioo kwa mteja, ni vizuri, majina ya Kinande yanaandikwa vibaya mno na watu wenye haraka. Lakini kabla ya kukigeuza, bonyeza kengele.

Nusu ya wenye sekreteria niliowaonyesha walicheka, wakasema kundi la WhatsApp ndilo linalowaletea wateja. Hiyo ni kweli, sina jibu la kuwashinda. Mmoja wa Bulengera amepata njia yake: mashine mbili, ya kuandikia haina rezo kabisa, na ya pili, ndogo, iko nyuma ya pazia kwa ajili ya jumbe. Anasema wateja wake waliohama wameongezeka. Wanaketi pale hata wasipokuwa na barua, wanaongea.

Siku ya posho, nyuma ya habari za mchana, nitakuwa ofisini mpaka saa kumi na moja. Mwenye mashine ya Xfce anayetaka kuonyeshwa aje nayo, na aje na chaja yake, kwa sababu yangu waya umekatika na nimeufunga na skochi.